VIWANJA VYA WATOTO VIPEWE MAJINA YETU



Reli ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuta Wamaasai wamekwisha paita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Jina hilo halikufutwa.

Mwaka 1969 Mzee Kenyatta alifungua bustani ya Uhuru. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akakataa, na jumba halikusimama. Ni vigumu kumwambia mwananchi kwamba Uhuru umeuzwa!

Basi tunataka viwanja vya watoto vya Kawangware na Dagoretti vipewe majina ya Kimaasai au Kikuyu, wazee waulizwe. Lakini jina bila hati ya ardhi ni kibao tu. Pale Kibera watoto huchezea relini, nasi twapiga honi. Kaunti itoe jina na hati siku moja.