Uzito wa Mtu na Mkazo wa Kamba

Kutoka njia panda ya Usagara, kusini mwa Mwanza, barabara ya magharibi huvuka Ghuba ya Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, ikaelekea Sengerema na Geita. Hiyo ni nchi ya dhahabu. Mbali na migodi mikubwa, yako machimbo ya wachimbaji wadogo, ambako huenda mtu akateremshwa duarani kwa kamba ipitayo juu ya roda, yaani gurudumu lenye mfuo ambalo mabaharia wa pwani huliita kapi. Kila kijana wa sekondari wa sehemu hizi yampasa aweze kujibu swali moja: kamba ile hubeba kiasi gani?

Wengi watajibu kwamba hubeba uzito wa mtu. Jibu hilo ni sahihi pale tu mtu anapotulia, au anaposhuka na kupanda kwa mwendo usiobadilika. Tumchukue mchimbaji mwenye tungamo la kilo 60. Dunia humvuta kwa kani ya nyutoni 600 hivi, awe mdomoni mwa duara au ndani yake. Kinachobadilika ni mkazo wa kamba, na mkazo huo ndio anaouhisi mwilini kama uzito. Akianza kuvutwa juu, kasi yake ikiongezeka kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, mkazo hufikia nyutoni 720, naye hujihisi mzito. Akianza kuteremshwa kwa mchapuko uo huo, mkazo hupungua hadi nyutoni 480, naye hujihisi mwepesi.

Hatari kubwa iko katika kusimamishwa ghafla. Mtu huyo akiwa anashuka kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, kisha akazuiwa katika muda wa sekunde 0.3 tu, mkazo hufikia nyutoni 1,200, yaani mara mbili ya uzito wake. Kamba iliyochakaa, iliyomhimili asubuhi nzima, yaweza kukatika kwa mshtuko huo mmoja. Watu watasema imekatika bila sababu, kumbe sababu ipo na yahesabika.

Roda nayo ina fundisho lake. Mchimbaji akikaa juu ya ubao uliofungwa ncha moja ya kamba, kamba ikapita juu ya roda, naye akaishika ncha ya pili na kujivuta mwenyewe polepole, uzito wake hugawanywa kwa pande mbili za kamba. Tukiacha uzito wa ubao na msuguano, kila upande hubeba nyutoni 300. Lau mizani ingewekwa kati yake na ubao, ingeonyesha nyutoni 300 tu, ingawa mwili wake haukupungua hata kidogo. Lakini mwenzake aliyesimama chini akiishika ncha ile ya pili, kila upande hubeba nyutoni 600, na boriti iliyotundikiwa roda hulemewa na nyutoni 1,200 badala ya 600. Mtu ni yule yule, roda ni ile ile, na mzigo wa boriti umekuwa maradufu kwa kubadili tu mtu wa kuvuta. Achaguaye boriti kwa kutazama unene wa mchimbaji peke yake amekosea hesabu.

Kwa maoni yangu, somo hili halifai kuachwa ubaoni. Fizikia ya sekondari zetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aweza kupata alama zote za mtihani huku ndugu yake ashikaye kamba machimboni asiambulie neno. Mwalimu hahitaji maabara ya gharama. Roda moja, kamba, mizani mbili za springi na ndoo ya mchanga vyatosha. Wanafunzi wapime mkazo ndoo ikiwa imetulia, kisha ikiinuliwa taratibu, kisha ikizuiwa ghafla. Mizani ya pili itundikwe juu ya roda ili waone mzigo wa boriti. Baada ya hapo kila mmoja aandike matokeo kwa Kiswahili ambacho mchimbaji atakielewa: teremsha taratibu, zuia taratibu, na kamba na boriti zipimwe kwa mkazo mkubwa kuliko wote utakaotokea.

Elimu itakayofika mdomoni mwa duara kabla ya kamba kukatika ndiyo elimu tunayoihitaji.