Kabla ya Kununua Gari Kuukuu Lenye Turbo

Askari wa Naguru anayetaka kuwanunulia jamaa zake gari kuukuu lenye turbo, kama vile Subaru Forester, yampasa alikague injini ingali baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha kasoro.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini, hata zaidi ya mara 100,000 kwa dakika; oili ndiyo uhai wake. Kwanza achomoe kijiti cha oili: ikiwa imepungua au ni nzito kama lami, kuna hatari. Kisha awashe injini, angoje, ndipo akanyage mafuta. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Akipanda kilima cha Naguru, gari livute bila kusitasita wala kupiga filimbi kali.

Mwisho, amwite fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji. Akiba ya miaka isiishie gereji.