Mkono wa kushoto si kosa

Wandugu vijana wa Base na wa Kamina mjini,

Leo hatuzungumzi barabara wala umeme. Tunazungumzia fimbo ambayo mtoto anapata kwa sababu alishika biki na mkono wa kushoto. "Weye, andika na mukono ya kuume!" Wengi wetu tulikomaa tukisikia neno hilo, shuleni na nyumbani.

Hesabu ni rahisi. Duniani kote, karibu mtu mmoja kwa kumi anatumia kushoto. Darasa la batoto 50, batano hivi wako hivyo. Hawakuchagua, na si ukaidi. Fimbo haibadilishi mwili, inamufundisha mtoto kuogopa kaye yake.

Hata pasipo fimbo, shida ziko. Tunaandika kutoka kushoto kuenda kuume, basi mkono wa kushoto unapita juu ya wino ambao haujakauka. Kwenye benchi moja la watoto watatu, kiwiko chake kinagonga cha jirani, na yeye njo anaitwa mwenye fujo. Mikasi ya fundi wa nguo na gurudumu la cherehani vimetengenezwa kwa kuume. Hapa Base askari wanajua: AK inatupa maganda ya risasi kuume. Anayelenga na bega la kushoto, yanamupita mbele ya uso.

Lakini siku ya Mungu kiwanjani, mchezaji wa mguu wa kushoto anapigiwa makofi. Messi akifunga na kushoto, sisi wote tunaruka. Mguu ni zawadi, mkono ni laana? Obama alikuwa anasaini sheria za Marekani na kushoto, na nchi yake haikuanguka.

Desturi tunaijua. "Mkono wa kulia" ni ule wa kulia chakula, na kushoto kumeachiwa kazi ya chooni. Kusalimia mkubwa ao kumupa kitu na kuume ni heshima. Tunaikubali, na mwenye kushoto anaweza kuijifunza bila fimbo. Lakini biki haisalimii mtu.

Kuna watakaotuuliza: "Tulimaliza université, kazi hakuna, na nyinyi muko na habari ya mikono?" Ndiyo. Mtoto anayezoezwa kwamba mwili wake ni kosa, kesho ataogopa kuuliza pesa ya shule yake inaenda wapi. Uoga huo mmoja unatumikia wengi.

Katiba ya 18 Februari 2006 inasema Wakongomani wote wako sawa mbele ya sheria. Sheria ya 10 Januari 2009 inalinda mtoto. Basi tunaomba:

Walimu, mumuweke mtoto huyo kwenye ncha ya kushoto ya benchi, na mumuache ainamishe kaye yake upande wa kuume. Haiombi hata franga moja.

Wazazi, musimufunge mkono, musimuite mchawi.

Komite za wazazi, fimbo ya namna hiyo muizungumzie kwenye mkutano, mbele ya direkta.

Na sisi vijana: tarehe 13 Agosti ni siku ya kimataifa ya watu wa kushoto. Masomo yanaanza tena Septemba. Katikati ya hizo tarehe mbili, kila mmoja wetu aende kuongea na mwalimu mmoja wa mtaa wake, kwa adabu, bila kelele. Mwalimu mmoja tu akielewa, batoto batano wataandika na amani.