Portastudio si pambo la shelfu

Wasee, tuache kununua Portastudio za mtumba ati zipendeze kwa picha. Hiyo ni mashine ya kurekodi traki nne kwa kaseti. Yangu ilikuja imekwama, na fundi akaniambia, "Hii tupa, kijana." Nikaifungua mwenyewe. Mota ilikuwa inazunguka poa. Belti ya mpira ndiyo ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Niliikwangua jioni nzima (vidole bado ni vyeusi), nikaweka mpya, nikapangusa hedi na spiriti. Ikaamka! Bruce Springsteen alirekodi Nebraska, albamu ya 1982, kwa Portastudio ya traki nne. Wewe uko na mia kwa kompyuta na hujawahi kumaliza wimbo mmoja. Kama yako ni ya shelfu, niuzie.