Elimu ya Ardhi ni Haki ya Mfanyakazi



Wako wanaodhani kwamba elimu ya miamba na milima ni ya watu wa chuo kikuu tu. Sisi hatukubali. Wafanyakazi wa mashamba ya chai karibu na Fort Portal, magharibi mwa Uganda, hulala kando ya Bonde la Ufa. Kujua kinachotendeka chini ya vitanda vyao ni haki yao.

Tena somo hili halihitaji vyombo vya fedha nyingi. Chukueni udongo wa mfinyanzi, mbichi, wa rangi mbili. Utandazeni tabaka juu ya tabaka juu ya mbao mbili zilizogusana, kisha zivuteni mbao polepole, moja huku na moja huku. Udongo utanyooka, utapasuka nyufa za mshazari, na ukanda wa katikati utazama huku kingo zikibaki juu. Hilo ndilo bonde la ufa. Hans Cloos, mtaalamu wa miamba wa Ujerumani, alifanya majaribio ya namna hiyo karibu miaka mia moja iliyopita.

Mbao zile ni mfano wa mabamba ya dunia. Kwetu yanaachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Hata milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kina mita 5,109, si volkeno. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa kati ya bonde la Semliki na bonde la Ziwa George.

Lakini udongo hunyumbuka, na mwamba haunyumbuki hivyo. Mwamba hukwama miaka mingi, kisha huteleza ghafla, na ardhi hutetemeka. Ndivyo ilivyokuwa Toro tarehe 20 Machi 1966, watu zaidi ya 100 walipokufa, na tena karibu na Fort Portal tarehe 5 Februari 1994.

Tetemeko halizuiliki, bali nyumba mbovu inazuilika. Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, madarasa ya jioni ya wafanyakazi yafundishe somo hili, udongo ukiwa mikononi. Pili, mwajiri anayejenga nyumba za kambi kando ya Bonde la Ufa afunge kuta kwa nondo na zege, na wajumbe wa chama wazikague kabla wafanyakazi hawajahamia.

Mfanyakazi aliyeuona udongo ukipasuka mbele ya macho yake hatadanganywa kwamba ukuta ulioanguka ni kazi ya Mungu peke yake.