Mapenzi ya Shabiki Siyo Kibali, Ila Masharti Yawekwe Wazi

Ukiingia kibanda umiza cha mtaani, muvi ya Kihindi au ya Kikorea inaongea Kiswahili: sauti ya mtafsiri juu, ya mwigizaji kwa mbaaali. Vijana wengi wamekulia humo. Sasa hebu piga picha: watano wa Singida mjini, simu moja, wako juu ya mawe ya Ziwa Singidani wanamwigiza upya staa wao. Panga la mbao, kanga imegeuka joho, muziki wameuchomoa kwenye muvi yenyewe. Wanaweka YouTube, kesho yake video imeondolewa. Kilio: "Tumebaniwa!"

Ukweli usemwe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kutafsiri au kubadili kazi ni haki ya mwenye kazi. Kuandika chini ya video kwamba "muziki si wetu" hakusaidii kitu. Ndiyo kwanza umekiri.

Lakini wenye kazi nao wasijifiche nyuma ya sheria. Marekani, mwishoni mwa 2015, kampuni za Paramount na CBS ziliwashtaki mashabiki wa Star Trek waliokuwa wanaandaa filamu ya Axanar, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 1. Juni 2016 zikatoa masharti: stori moja isizidi dakika 15, ikiwa na sehemu mbili isizidi 30, michango isizidi dola 50,000, na hakuna kuuza. Mashabiki wengi walinuna, lakini angalau mstari ulionekana.

Huku Bongo, shabiki wa Singida anayetaka kuigiza muvi ya Kibongo aanzie wapi kuomba? Prodyuza anaweza kumaliza hilo kwa mistari miwili chini ya trela: ruksa dakika tano, taja jina la kazi, usiuze, usichukue muziki wala picha zetu. Haimgharimu hata mia, na anatangaziwa bure. Anayechukua muvi nzima na kuiuza, huyo siyo shabiki, ni mwizi. Abanwe.

Na hao watano wasinune sana. Siku watatoa muvi yao wenyewe, waikute kwenye ukurasa wa mtu mwingine, majina yao yamefutwa, watautafuta huo mstari wao wenyewe.