Msinikeshee, Niacheni Nilale

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 19, kwenye chumba cha hosteli. Nilifungua macho. Taa ya korido ilikuwa inaingia chini ya mlango, na nilimwona mwenzangu amelala kitanda cha pili, mguu mmoja nje ya blanketi. Nikataka kumwita. Mdomo ukakataa, mkono ukakataa. Kisha kukawa na mtu karibu na dirisha, akaja akakaa juu ya kifua changu. Sikuuona uso wake. Nilijua tu kwamba yupo, na kwamba hanipendi.

Kwenye kamusi hilo ni jinamizi. Tanzania watasema umekabwa. Mtaani kwetu Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area, utaambiwa umekaliwa na shetani, na kabla hujamaliza kueleza mtu ameshakutumia namba ya pasta.

Mimi nina ugomvi na hiyo namba.

Kinachotokea kinajulikana. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambapo macho hutembea haraka chini ya kope. Ndoto kali nyingi hukaa hapo. Wakati huo ubongo huifungia misuli ya mwili ili usirushe mateke ukiota unakimbizwa. Sasa ukiamka kabla kufuli haijafunguliwa, unakuwa macho ndani ya mwili uliolala, huku ndoto ikiendelea kumwagika chumbani. Kifua kinakuwa kizito kwa sababu unataka kuvuta pumzi kubwa na misuli haikutii. Ni sekunde, pengine dakika chache. Halafu inaachilia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na Brian Sharpless na Jacques Barber, yenye watu zaidi ya 36,000, yalikuta karibu asilimia 8 ya watu wa kawaida wamewahi kupatwa angalau mara moja. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 28. Shetani gani huyu anayependa hosteli hivi?

Mama alinipeleka kwa pasta. Kusema kweli alikuwa mtu mpole, aliniita "mtoto wangu", hakuitisha pesa siku hiyo. Akasema nifunge siku tatu na nihudhurie makesha matatu. Hebu fikiria. Kinachochochea jinamizi ni kukosa usingizi, kulala saa ovyo, wasiwasi, na kwa wengi kulala chali. Dawa niliyopewa ilikuwa kutolala, nikiwa na njaa, nimezungukwa na watu wanaopiga kelele kuhusu kitu kinachotaka kuniua. Usiku wa nne nilikaliwa mara mbili. Mama akaambiwa pepo limekasirika.

Hapo ndipo sikubali ile hoja ya "imani haidhuru mtu." Inadhuru. Baland Jalal na Devon Hinton walilinganisha watu wa Misri, ambako wengi hulihusisha jambo hili na majini, na watu wa Denmark, kwenye utafiti wa 2013. Wamisri walipatwa zaidi, waliganda kwa muda mrefu zaidi na waliogopa kufa zaidi. Ukiogopa unalala vibaya, ukilala vibaya unakaliwa, ukikaliwa unaogopa. Na watu wa Pwani wanakumbuka Popobawa. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, familia nzima zilitoka vyumbani zikalala nje kwa makundi kando ya moto, zikimhofia kiumbe anayewakandamiza watu usiku. Siku hizi kinasimuliwa kama kichekesho. Lakini kabla hakijatulia, mgonjwa wa akili aliyekuja Zanzibar kutafuta matibabu aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye Popobawa.

Shosho wangu wa Bahati naye aliamini mapepo, na yeye simgusi. Nikilala kwake aliweka godoro lake karibu na langu. Akisikia pumzi yangu imebadilika alinishika kidole cha mguu na kuniita kwa jina, polepole, kama mtu anayeita ng'ombe asimshtue. Ilifanya kazi. Mguso au sauti ya mtu mara nyingi hukata hiyo hali. Nadharia yake ilikuwa mbovu, mkono wake ulikuwa sawa. Hospitali nilipoenda mambo yalikuwa kinyume: daktari kijana, macho mekundu kuliko yangu, aliniuliza kama navuta bangi, akasema "punguza stresi," akaita mwingine. Nadharia sawa, mkono hakuna.

Lakini nipunguze stresi vipi? Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikaanza kuandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. (Ndiyo, kuna mtu Ohio ana digrii yangu.) Saa sita ya usiku Nakuru ni saa kumi au kumi na moja jioni New York. Kazi inaingia wakati huo na inatakiwa kabla ya asubuhi yao. Nililala saa tatu asubuhi, juani, majirani wakifua na kucheza redio, nikaamka saa saba. Miaka miwili. Jinamizi lilikuja mara tatu, nne kwa wiki. Kisha akaunti yangu ikafungwa. Nilikosa kodi, nikarudi kwa mama, na kwa kukosa la kufanya nikawa nalala saa nne kila usiku. Kwa wiki sita lilikuja mara mbili tu. Hakuna aliyenitoa pepo. Nilifutwa kazi.

Ndiyo maana nasema pepo linapendwa kwa sababu halimdai mtu chochote. Tukisema ni pepo, ninayelipa ni mimi: sadaka, njaa, aibu. Tukisema ni usingizi, itabidi tuulize ni nani aliyeuchukua, na hapo majina yatakuwa ya watu wenye ofisi. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inaweka wiki ya kawaida ya kazi isiyozidi saa 52. Kwa kazi ya usiku inaruhusu hadi saa 60. Soma tena. Yule anayefanya kazi kinyume cha mwili wake ndiye anayeweza kufanyishwa saa nyingi zaidi. Soja wa geti lenu anasinzia, mnampiga picha mnamcheka kwenye grupu la WhatsApp la ploti.

Mjomba wangu aliendesha lori la Mombasa hadi Kampala miaka mingi. Alikuwa akikoroma hadi pumzi inakatika kabisa, kimya, kisha anashtuka kama mtu anayeibuka majini. Sisi watoto tulimwigiza, tukacheka hadi machozi. Huo ni ugonjwa. Unaitwa apnea ya usingizi, na mwenye nao husinzia mchana hata akishika usukani. Hakuna aliyewahi kumpima. Alipoingia mtaroni karibu na Gilgil walisema amerogwa.

Barabara hiyohiyo, ukipita Nakuru kwenda Eldoret, inafika Salgaa ambako malori hulala, kisha inateremka na kupanda hadi Sachangwan. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana Migaa, watu 36 wakafa. Nimesikia watu wazima, wengine wana zile digrii nilizokosa, wakisema eneo lile lina mapepo yanayotaka damu. Baadaye njia za kwenda na kurudi zikatenganishwa kwa ukuta wa zege. Sijui ni mapepo gani yanaogopa zege.

Ijumaa iliyopita mama alinipigia simu. Siku hizi napanga chumba Kiamunyi, naandika mchana, kazi chache, pesa chache.

"Leo kuna kesha," akasema. "Pasta amekuulizia."

"Mama, saa nne nitakuwa nimelala."

Akanyamaza kidogo.

"Saa nne? Kwani kesho una kazi gani?"